Gramu Ulizotoa, Umezitoa Wapi?

Hii ni hotuba niliyotoa mbele ya mafundi bunduki na wawindaji wenye leseni. Nimeiandika yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wale waliokosa kufika. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, mafundi wenzangu, wawindaji, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: hamjambo?

Nianze na swali. Nani hapa ana mizani kwenye karakana yake? Nyosheni mikono. Mnaona? Karibu wote. Haya, nani ana kamba ya kutundikia bunduki ili atazame inalala upande gani? Mmoja. Wawili. Yule wa pili amenyosha nusu mkono, simhesabu.

Basi maneno yangu ya leo ni ya wale ambao mikono yao imebaki chini.

Tumekuwa na ugonjwa wa namba. Mtu akimaliza kutengeneza bunduki nyepesi ya kuwindia, jambo la kwanza anatutumia picha ya mizani. Kilo 2 na nusu! Kilo 2 na robo! Sisi nasi tunapiga makofi. Hakuna anayemuuliza: hizo gramu ulizotoa, umezitoa wapi?

Ngojeni niwaonyeshe kitu. Hapa nina mpini wa ufagio na chupa mbili za maji za nusu lita. Nimezifunga hapa katikati, moja huku na moja huku, zimegusana. Njoo, kijana, shika katikati. Uzungushe kushoto, kulia, kushoto, kulia. Rahisi? Rahisi. Sasa nazisogeza chupa hizihizi, moja ncha hii, nyingine ncha ile. Zungusha tena. Mwoneni anavyokaza mkono! Tumeongeza maji? Hatukuongeza hata tone. Mpini ni uleule, maji ni yaleyale, lakini mkono unakwambia huu ni mzigo mwingine kabisa.

Sasa tufanye la tatu. Naacha chupa moja tu, nyuma kabisa, karibu na kiwiko chako. Lenga ukutani kama umeshika bunduki. Ncha ya mbele inafanya nini? Inarandaranda, inatafuta nzi. Asante, kijana, rudi ukakae, kama kiti chako hakijachukuliwa.

Mambo matatu mmeyaona kwa macho. Uzito ukikaa katikati ya mikono miwili, bunduki inageuka upesi. Ukikaa kwenye ncha zote mbili, inatulia lakini ni nzito kuigeuza. Ukirundikana nyuma, mdomo wa mtutu unakosa adabu. Mwindaji anataka nini? Anataka sehemu kubwa ya uzito iwe katikati ya mikono yake, na kiasi kidogo, nasema kidogo, kielekee mbele ili mdomo utulie.

Wahenga wa pwani walikwisha kulisema hili bila kushika bunduki: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni pale chini katikati. Kwenye bunduki yetu tezi ni kitako, omo ni mdomo wa mtutu, na ngama ni kile kiwiliwili cha chuma ambamo boliti, ile komeo inayosukuma na kufungia risasi, inatembea. Nitayatumia maneno hayo matatu mpaka mwisho, kwa hiyo yashikeni.

Nawasimulieni aibu yangu mwenyewe, maana ya kwangu ndiyo naijua vizuri.

Bunduki yangu ya kwanza nyepesi niliitengeneza kwa ajili yangu, ya risasi ya .308 Winchester. Nilitaka isizidi gramu 2,700 pamoja na darubini. Nikachukua mtutu mwembamba kama penseli, nikaukata mpaka inchi 18, yaani sentimita 46 hivi. Kitako kikawa cha nyuzi za kaboni. Juu nikaweka darubini niliyokuwa nayo tayari, pande la darubini la gramu 620, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuilipia na sikutaka ilale kabatini. Mizani ikasoma 2,710. Niliridhika mno. Nikaenda uwanja wa shabaha, nikaiegemeza kwenye mifuko ya mchanga, nikapiga risasi tatu, na matundu yote matatu ungeyafunika kwa sarafu moja. Ungenisemesha siku ile nisingekujibu.

Halafu nikaenda nayo mlimani.

Nimepanda saa nzima, pumzi juu juu, moyo unagonga masikioni. Mnyama akasimama ubavu mita 60 mbele yangu. Mita 60, wazee wangu! Nyasi zilikuwa ndefu, siwezi kulala wala kupiga goti. Nikasimama, nikalenga. Ule msalaba wa darubini ulikuwa unacheza kama unyasi kwenye upepo: ukipita begani pa mnyama, haukai, ukirudi, umepitiliza. Nikavuta triga ulipokuwa unapita. Risasi ikapita juu, mnyama akaondoka zake bila hata kukimbia sana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliporudi nikaitundika bunduki kwa kamba. Ikatulia kamba ilipofika nyuma ya magazini, karibu kabisa na triga. Nilikuwa nimetengeneza ule mpini wenye chupa moja nyuma.

Nilifanyaje? Nilivua mtutu, nikaweka wa inchi 22, mnene kidogo kuliko wa kwanza. Hapo nikaongeza kama gramu 250. Nikauza lile pande la darubini, nikanunua ya gramu 360. Hapo nikatoa 260. Nikaweka kwenye mizani. Mnadhani ilisoma ngapi? Elfu mbili na mia saba! Karibu namba ileile! Lakini nilipoitundika, kitovu cha uzito, yaani pale inapotulia kwenye kamba, kilikuwa kimesogea mbele upana wa vidole viwili. Ile bunduki ninayo hadi leo. Mizani haijui kama kuna kilichobadilika. Bega langu linajua.

Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo? Hapa nitawasumbua kwa hesabu kidogo, vumilieni. Chukua mtutu wa chuma wenye kipenyo cha milimita 15 pale mdomoni, tundu lake milimita 7.62. Ukikata inchi mbili, sentimita 5 hivi, unatoa gramu ngapi? Kama 50. Gramu 50 ni kitu gani? Ni risasi mbili za .308 mfukoni. Lakini gramu hizo zilikuwa mbali, zaidi ya nusu mita kutoka kwenye kitovu. Kwenye bunduki ya kilo 3, kukata kipande hicho kunarudisha kitovu nyuma karibu sentimita nzima. Ukitoa gramu 50 hizohizo kwenye ngama, kitovu hakitikisiki. Kwa hiyo gramu za omo ni gramu ghali. Usizikate kwa sababu tu msumeno uko karibu. Na kasi ya risasi nayo inapungua, kwa .308 kama mita 6 hadi 8 kwa sekunde kwa kila inchi. Hilo si msiba. Msiba ni ule mdomo unaorandaranda.

Alikuja kwangu kijana mmoja, mteja, bunduki yake kaifunga kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa. Alikuwa amesikia kwamba kitako cha mbao kikitobolewa kwa ndani kinapungua uzito. Akafungua mpira wa kitako, akatoboa mashimo marefu, akatoa gramu kama 180 za mbao. Alifurahi, mpaka alipoinua bunduki na kuiona inainama mbele. Akaona dawa ni kukata mtutu. Akakata. Sasa ikainuka mdomo. Akarudi kutoboa tena. Mmewahi kumwona mtu anayesawazisha miguu ya meza kwa msumeno? Mwisho wake anakula chini. Alipofika kwangu, kitako kilikuwa kimepata ufa kwenye shingo, pale mkono wa kulia unaposhika, kwa sababu mbao haikuwa na nguvu tena ya kupokea teke la bunduki inapofyatuka. Nilimtengenezea kitako kipya. Ule mtutu sikuweza kuurefusha, chuma hakimei.

Kwa hiyo ukitoa tezini, jua kwamba omo itazama. Ukitoa omo, tezi itazama. Ndiyo maana nasema: anza ngamani.

Wako waliolifanya hili vizuri kabla yetu, na nitataja wawili tu. Mwaka 1952 kampuni ya Winchester walitoa Featherweight, toleo jepesi la bunduki yao ya Model 70. Tazameni walivyogawa. Mtutu waliufupisha kutoka inchi 24 hadi 22 na kuupunguza unene, ndiyo, lakini hawakuishia hapo: mlinzi wa triga na kifuniko cha chini cha magazini wakavibadilisha kuwa alumini, na mbao wakaichonga iwe nyembamba. Kidogo mbele, kidogo katikati, kidogo nyuma. Hakuna sehemu moja iliyochinjwa ili nyingine zipone.

Wa pili ni fundi bunduki Melvin Forbes wa West Virginia, Marekani, miaka ya 1980. Huyu alikwenda mbali zaidi, bunduki yake ilikuwa kama pauni 5 bila darubini, kilo 2.3 hivi. Wengi wakidhani siri yake ni kile kitako cha Kevlar na grafiti. Kitako kilisaidia sana, sikatai. Lakini alianza na kiwiliwili: alikichora upya kiwe na ukubwa unaotosha risasi zake tu, bila chuma cha ziada. Na mtutu? Aliuacha inchi 22. Mtu anayehesabu gramu kama benki anavyohesabu senti, lakini mtutu hakuufanya kibuyu cha kukatwa. Kwa nini? Mimi naona ni kwa sababu kwenye bunduki nyepesi vile, urefu wa mtutu ndio unaoutuliza mdomo.

Haya, ngamani tunatoa nini? Kwanza darubini na pete zake. Mnashangaa? Darubini ndiyo sehemu pekee ya bunduki ambayo unaweza kutoa gramu 300 jioni moja kwa bisibisi, na ukijuta unazirudisha kesho. Isitoshe, darubini inakaa juu. Uzito ulio juu ya mkono unataka kuipindua bunduki ubavuni, na mikono yako inafanya kazi ya kuizuia bila wewe kujua. Nimeona bunduki iliyogharimu jasho la miezi, imepunguzwa mpaka gramu 2,300, halafu juu yake darubini ya gramu 800 yenye lenzi kama sufuria. Mwenyewe anapiga wanyama ndani ya mita 150! Nilimwuliza, ndugu yangu, hiyo unatazamia mwezi?

Baada ya darubini, ndipo uangalie kiwiliwili. Titani ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya chuma kwa ukubwa uleule, kwa hiyo kipande cha chuma cha gramu 500 kikichongwa kwa titani hakifiki gramu 300. Ni ghali, lakini ni gramu za ngamani, hazikuvurugii kitu. Alumini kwa mlinzi wa triga na sakafu ya magazini, sawa. Lakini nisikilizeni hapa, na hili silisemi kwa mzaha: chuma kinachozunguka chemba, yaani chumba ambamo risasi inakaa ikingoja kupigwa, na yale meno ya boliti yanayofunga, hayaguswi. Hayaguswi! Kiwango cha juu cha shinikizo la .308 kwa vipimo vya Ulaya ni bar 4,150, na lote linatokea sentimita chache kutoka kwenye shavu lako. Kazi ya chemba ni ya fundi mwenye leseni na vipimo vyake, si ya mtu mwenye tupa na jioni isiyo na shughuli.

Mifereji ya nje ya mtutu je? Naulizwa kila mara. Mtutu mnene ukichimbwa mifereji unapungua uzito na unabaki mgumu kuliko mtutu usio na mifereji wenye uzito uleule. Lakini mtutu ambao tayari ni mwembamba, mifereji ni mapambo. Mtutu wa kuzungushiwa kaboni nao ni mwepesi ukiulinganisha na mtutu mnene wa chuma. Ukiulinganisha na mtutu mwembamba wa chuma, mara nyingi ndio mzito. Mwulize muuzaji analinganisha na nini.

Sasa tuje kwenye teke, maana kuna watu wamekaa hapa na makovu.

Mimi ninalo. Mlio mbele mnaliona, hili hapa juu ya nyusi, mwezi mchanga. Hii ni kazi ya darubini niliyoifunga karibu mno na jicho kwenye bunduki nyepesi, nikapiga kuelekea mlimani juu. Damu ilinifanya nisijue hata kama nimepata shabaha.

Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Risasi ni ileile, nguvu ya teke inakwenda kinyume na uzito wa bunduki. Toka kilo 4 mpaka kilo 3: umepunguza robo ya uzito, umeongeza theluthi ya nguvu ya teke. Robo kwa theluthi! Nani kati yenu angekubali mkopo wa namna hiyo? Basi ukitaka bunduki nyepesi, chagua risasi inayofaa wepesi huo. 7mm-08, 6.5 Creedmoor, hata .308 kwa anayeivumilia. Anayetaka magnamu kubwa, yaani risasi yenye baruti nyingi, kwenye bunduki ya kilo 2 na nusu, namwomba kwanza apige risasi 10 mfululizo nikimtazama macho. Ya nne atakuwa anafumba kabla ya kuvuta.

Na mpira wa kitako usiuguse. Watu wanautoa ule mnene wanaweka wembamba ili waokoe gramu 60. Hizo 60 ndizo zinazokaa kati ya chuma na mfupa wako.

Triga nayo ina neno lake, fupi. Bunduki ya kilo 2 na nusu yenye triga inayotaka kilo 2 na nusu kuivuta, kidole kitaisogeza bunduki kabla risasi haijatoka. Karibu kilo moja na robo, safi isiyokwaruza, inatosha kwa uwindaji. Nyepesi zaidi ya hapo, na vidole vya baridi, sitaki kuwa karibu nawe.

Kuna wanaowinda palipo na ruhusa ya kizima sauti. Nyinyi pangeni mapema. Gramu 400 mwishoni mwa mtutu wa inchi 22 zinapeleka kitovu mbele kama sentimita 7. Bunduki iliyokuwa inacheza inageuka nguzo. Huyu ndiye mtu pekee ninayemruhusu msumeno kwa moyo mweupe: mtutu wake uwe mfupi, kwa sababu kile kizima sauti ndicho omo yake.

Tunapimaje? Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa na mizani ya namba. Alikuwa na uzi wa mshipi wa kuvulia. Alitundika bunduki ikiwa kama itakavyokwenda porini: darubini juu, mkanda umefungwa, magazini imejaa risasi bandia zisizo na baruti. Alisema bunduki haiwindi ikiwa tupu, kwa nini tuipime ikiwa tupu? Risasi nne za .308 ni karibu gramu 100. Mkanda mzito wa ngozi ni zaidi ya hapo. Vitu hivyo tunavisahau halafu tunabishana juu ya uzito wa skrubu.

Akishatundika, alimwita mwenye bunduki. Boliti imetolewa. Anamwambia: fumba macho, inua, weka begani kama unalenga ile alama ukutani, fumbua. Mara tano. Kama ukifumbua mdomo uko chini ya alama kila mara, tunajua. Kama uko juu, tunajua. Kama leo chini, kesho juu, alisema, rudi kesho ukiwa hujachoka. Kwangu alinifanyisha mara tano, akanyamaza, akachukua kipande cha risasi ya kuvulia, gramu 40, akakifunga kwa utepe chini ya mbao ya mbele. Nikarudia. Ikatua kwenye alama. Alitabasamu akasema, umetumia pesa nyingi kuondoa hizi.

Nikisikia mtu anasema uzito wa bunduki hauna maana, kaza misuli tu, najua hajatembea nayo siku nzima. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisemi msipunguze. Mimi mwenyewe magoti yangu hayataki tena kilo 4 na nusu. Punguzeni, lakini kabla hujakata chochote andika kwenye karatasi kila kipande na uzito wake, chora tezi, omo na ngama, uone unaiba wapi.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama kama nina deni lake. Pale mezani kuna bunduki tatu, boliti zimetolewa na nimezikagua mimi na mwenyekiti. Piteni mmoja mmoja, mdomo uelekee ule ukuta. Fumba macho, inua, fumbua, halafu uniambie ipi kati ya hizo tatu ndiyo nyepesi. Uzito wa kila moja umeandikwa kwenye karatasi iliyo chini ya kile kitambaa, na asikifunue mtu kabla hajainua ya tatu.